Asiye Ndugu Wala Mwajiri

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na imenikuta nje. Nilikwenda ofisi ya ajira kuchukua tarehe ya usaili wa kazi ya afisa maadili. Mtihani wa kuandika wa maadili nimeufaulu, na bado najiuliza kama waliosahihisha walikuwa macho. Nilifika dirishani chapachapa. Karani alikuwa na mafua. Alinitazama, akapiga chafya, akasema usaili ni tarehe kumi na mbili Mei, na nije na mtu.

"Mtu gani?"

"Anayekufahamu vizuri. Mwaka mmoja au zaidi. Asiwe ndugu, asiwe mwajiri. Aje mwenyewe, jopo litamuuliza tabia yako. Ukija peke yako huingii."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote tu, dada. Hata jirani. Kwani huna jirani?"

Walio nyuma yangu kwenye foleni walicheka, si kwa ubaya. Kijana mmoja akaanza kulalamika kwamba marafiki zake ni wengi na atakayeachwa atanuna. Nilimchukia papo hapo, na hajanikosea kitu.

Nimerudi, nimekaa kitandani na nguo zangu mbichi, nikawa napitisha watu kichwani. Nilimaliza mapema.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Mkate. Kusoma.

Alhamisi, 5 Machi

Mimi kitu hakiniingii kichwani mpaka nikiseme kwa sauti. Niko hivi tangu darasa la kwanza. Tangu nihamie chumba hiki, mwaka na ushee sasa, kila jioni nafunga mlango, navua viatu, nasimama katikati ya chumba na kulihutubia kabati. Leo nililiambia: maadili ni kanuni zinazoongoza mwenendo wa watu wanaoishi pamoja. Thamani ni kile unachokishikilia hata kikikugharimu. Uadilifu ni kufanya lililo sawa hata pasipo na wa kukuona.

Hapo ndipo ukuta ulipogongwa. Du, du, du.

Upande wa pili anakaa mama mmoja mtu mzima anayepiga pasi nguo za watu. Kimoyomoyo namwita Bi Pasi, maana jina lake sijawahi kuuliza. Tukikutana uani namwamkia huku natembea, naye anauitikia mgongo wangu. Nilishusha sauti. Akagonga tena. Nikashusha zaidi. Akagonga kwa nguvu mpaka kioo changu kikacheza msumarini. Sijui anataka nisome kwa kupumua. Mwaka mzima hakuwa na neno. Leo nimepata usaili ndiyo nimegeuka kero.

Jumapili, 8 Machi

Dada kapiga simu kutoka nyumbani, kama kila Jumapili.

"Yaani huna hata mtu mmoja?"

"Nina wewe."

"Mimi wameshanikataa kabla sijafika. Mchukue shemeji yako."

"Shemeji ni ndugu."

"Ndugu wa nani? Mimi mwenyewe wiki hii simtambui."

Tulicheka mpaka simu ikakatika. Ilipokatika, chumba kikawa kimya kuliko kabla hajapiga.

Alhamisi, 12 Machi

Asubuhi nakaa mapokezi kwa daktari wa meno. Watu wanaingia na maumivu, hawataki kuongea. Wanatoka na ganzi, hawawezi kuongea. Kazi nzuri sana kwa mtu anayesoma. Leo nimegundua si nzuri kwa mtu anayetafuta mtu. Daktari ananisifu kila siku, lakini daktari ndiye mwajiri.

Nilimshika mzee mmoja, mgonjwa wetu wa siku nyingi, alipotoka kung'oa gego. Nikamwuliza, "Mzee wangu, unanifahamu mimi?" Alifikiri, akashika shavu, akasema, "Mmmh." Mpaka sasa sijui ilikuwa ndiyo au hapana.

Jumanne, 17 Machi

Nimempata mwenzangu wa chuo, anafanya kazi benki ya njia panda. Alifurahi kuniona, akanishika mikono yote miwili. Nikamweleza shida yangu. Akafikiri, tena akafikiri muda mrefu mno.

"Ngoja. Wewe ulikuwa unakaa mbele, sivyo?"

"Nyuma."

"Nyuma, eeh, nyuma. Jamani, ningekusaidia kabisa, ila wakiniuliza nitasema nini? Wewe hukuwa na ubaya na mtu."

Nimetembea na maneno hayo njia nzima. Si tusi. Ila angenitukana angekuwa angalau anajua pa kuanzia.

Jumamosi, 21 Machi

Nimemjaribu mwenye duka la hapa kona. Ni mtu mcheshi, nikadhani atanihurumia.

"Nitawaambia unanunua mkate mdogo na kiberiti," alisema. "Na siku moja ulinunua sindano."

"Hiyo si tabia."

"Ndiyo ninayoijua, dada yangu. Unakuja, unachukua, unaondoka. Sindano yenyewe niliishangaa, nikasema leo kachanika."

Alhamisi, 26 Machi

Nimeacha kusoma kwa sauti. Tangu Bi Pasi aanze kugonga nasoma kimoyomoyo, na hakuna kinachobaki. Nasoma ukurasa mzima wa uwajibikaji, nikiufunga naona kama nilikuwa nasoma maelezo ya dawa ya mende. Na bado anagonga! Nikiwa kimya kama maji ya mtungi, anagonga. Huyu mama ana nini na mimi?

Nina upweke. Nimeliandika hilo neno nilione limekaaje. Siku zote nilijiambia niko kimya kwa sababu nasoma, kisha nikifaulu nitaanza kuishi na watu. Sasa kufaulu kwenyewe kunadai watu.

Jumatano, 1 Aprili

Siku ya tatu mvua haijapumua. Uani maji yamefika kifundoni.

Ijumaa, 3 Aprili

Naandika nikiwa juu ya kiti, miguu kitandani, kwa sababu sakafu imelowa.

Jioni mvua ilimwagika kama waliokuwa wanaizuia wamechoka. Bati lilipiga kelele mpaka nikaacha kusoma. Katikati ya kelele hizo ukuta ukaanza. Si tatu tena. Alikuwa anagonga mfululizo, kwa kitu kizito, bila kupumzika. Nikasema leo ni leo. Nikatoka pekupeku, nikavuka maji, nikausukuma mlango wake bila hata kubisha hodi. Nilikuwa nimeshapanga la kwanza la kumwambia na la pili.

Nilimkuta amepiga magoti juu ya meza, nguo za watu amezikumbatia, pasi iliyopoa mkononi. Ndiyo aliyokuwa anagongea. Maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango na kabati lake la chini limeshaanza kunywa.

"Uko hai!" alisema.

"Niko hai vipi?"

"Wiki ngapi sikusikii? Nagonga, hujibu. Nikasema huyu kafa au kahama. Usisimame hapo, shika mashuka ya watu yasilowe."

Nikashika. Tulibeba mashuka, mashati, suti ya bwana mmoja yenye vifungo vya kung'aa, tukavipandisha juu ya kabati na juu ya kitanda, kisha tukaziba mlango kwa magunia. Tulipomaliza tulikuwa tunahema. Ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuja kugombana.

"Mama, kwa nini unanigongea nikisoma?"

"Nisikie."

"Usikie nini? Ulitaka ninyamaze."

"Nani kataka unyamaze? Mvua ikipiga bati sisikii kitu. Nagonga upandishe sauti, wewe unashusha. Nagonga tena, unashusha tena. Nikasema mtoto huyu ana kiburi!"

Nilikaa juu ya rundo la foronya. Sikujua nicheke au nilie.

"Mimi nasimama hapa na pasi jioni nzima," alisema. "Redio yangu iliharibika zamani. Nikaanza kukusikiliza wewe. Sasa niambie jambo moja, maana limenikaa rohoni. Huyu Maslahi ni nani?"

"Maslahi?"

"Usinifiche, mimi mtu mzima. Kila jioni Maslahi. Mara Maslahi binafsi, mara mgongano wa Maslahi. Nikajua mnagombana. Halafu siku moja nakusikia kwa masikio yangu unasema, Maslahi ya Umma kwanza, ya kwangu baadaye. Nikasema basi, mtoto wa watu kakubali uke wenza."

Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Nikamweleza kwamba maslahi si mume, na Umma si mke mwenzangu, ni watu wote. Alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa.

"Wote? Basi huyo Umma kakuzidi mbali," alisema, naye akacheka.

Nimerudi chumbani. Kuna maji sakafuni na sijali.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimesoma kwa sauti. Kagonga. Nimepandisha.

Jumatano, 8 Aprili

Nimejipa jaribio kama ninavyofanya mwisho wa kila sura: najiuliza, najibu, nafungua kitabu natazama. Swali la kutopendelea nimelivuruga. Nimejipa sifuri na kulirudia. Mvua kidogo. Bi Pasi hakugonga ila mara moja.

Jumanne, 14 Aprili

Nimemwomba. Nilizunguka sana kabla ya kusema. Niliingia na shati la kupigwa pasi ambalo halikuwa na mkunjo wowote. Alilikagua, akanitazama.

"Hili limeshapigwa."

"Najua, mama."

Nikamweleza juu ya mtu anayetakiwa, tarehe na mahali. Hakunisubiri nimalize.

"Nitakwenda! Nitavaa gauni langu la harusi za watu. Nitawaambia tunakula sahani moja."

"Hatujawahi kula sahani moja."

"Watajuaje?"

Nimerudi nikiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nimelala nimeshiba.

Jumatano, 22 Aprili

Bi Pasi anafanya mazoezi. Leo alinikalisha kitandani kwake niwe jopo, yeye akasimama mbele ya meza ya pasi na kutoa ushahidi. Jamani, mama huyu ana kipaji. Alisema tunafahamiana tangu siku niliyoshusha mizigo. Alisema tunakula pamoja kila Jumapili. Kisha akashusha sauti, akasema: mwaka jana nilipougua, huyu binti alinipikia supu mwezi mzima na kuninywesha kwa mkono wake.

Nilikaribia kulia. Yule binti wa supu nilimpenda, nikatamani ningekuwa yeye.

"Supu umeitoa wapi?" nilimwuliza huku nacheka.

"Kuugua ni kweli, supu nimeongeza."

"Uliugua?"

"Kifua. Mwezi mzima. Wewe ulikuwa umefika kwenye huruma. Huruma ni kuguswa na shida ya mwenzio na kuchukua hatua. Ulirudia sana ile."

Alisema bila kinyongo, akanyunyizia maji kola ya shati. Mimi kile kikohozi nakikumbuka. Niliziba masikio kwa pamba ya kliniki ili nisome.

Alhamisi, 23 Aprili

Sikuweza kusoma.

Jumapili, 26 Aprili

Dada anasema: "Mwache mama wa watu aseme. Anadanganya kwa upendo, nani anaumia?"

Nikikaa bila yeye sina usaili. Nikikaa naye namwingiza mama mwenye roho nzuri kwenye chumba cha watu waliokula kiapo, adanganye kwa ajili yangu, ili nipewe kazi ya kutodanganya. Na cha kuudhi, kila nikijisomea hoja hii kwa sauti inasikika vizuri, halafu napata njaa ya ile sahani moja.

Jumatano, 29 Aprili

Nimemwambia. Nimesema asije kusema habari za supu, wala sahani, wala Jumapili. Aseme yaliyo kweli tu.

Aliweka pasi wima. "Ya kweli yako wapi? Ya kweli ni kwamba ulikuwa unanipita hapo uani kama nguzo."

"Ndiyo."

"Niwaambie hivyo?"

"Wakikuuliza."

"Watakunyima."

"Huenda."

"Mimi nakupa ninachoweza, wewe unanisahihisha kama mtihani," alisema. "Unadhani ile supu nimeisema kwa ajili ya jopo tu? Mtu akikaa peke yake na yeye anatamani awe ameletewa supu."

Nilitaka kumshika mkono. Sijui kushika watu mikono. Nikasimama tu.

"Nenda," alisema. "Nenda na Maslahi wako."

Ijumaa, 1 Mei

Mvua ya kutosha. Nimesoma kwa sauti ya chini makusudi. Hajagonga.

Jumatatu, 4 Mei

Hajagonga.

Alhamisi, 7 Mei

Nasikia pasi ikipita na kurudi. Nasikia anaweka maji ya chai. Kumbe ukuta huu ni mwembamba hivi, na mimi mwaka mzima nilikuwa nausikia upande wangu tu. Nilisimama mlangoni kwake jioni, mkono umeinuliwa. Nikaushusha. Niliogopa asije akasema karibu kwa adabu tu, kama anavyowaambia wateja.

Jumapili, 10 Mei

Mvua zinakatika. Dada anauliza nimempata nani. Nimemwambia nitakwenda hivyo hivyo.

Jumanne, 12 Mei

Niliandike lote kabla halijapoa.

Nilikwenda peke yangu, nikiwa na lile shati lisilo na mkunjo. Ukumbini watu walikuwa wamekaa wawili wawili. Yule kijana wa foleni alikuwa na bwana mnene anayempapasa bega. Karani, mafua yamekwisha, alisoma jina langu na kuuliza, "Mtu wako?" Nikasema sina. Akasema basi nipishe wengine. Nilikuwa nimeshageuka.

"Yupo," sauti ilisema mlangoni. "Mnapandisha watu ngazi nyingi hivi za nini?"

Bi Pasi. Gauni la harusi za watu, limenyooka mpaka unaogopa kuligusa. Hakunitazama. Alinipita, akaingia, nikamfuata.

Jopo lilikuwa watu watatu, mwenyekiti ni mama mwenye miwani. Akamwuliza Bi Pasi ananifahamu tangu lini. Nikashika viti vyote viwili, changu na cha jirani.

"Uso kwa uso, tangu mvua hizi," alisema. "Kwa sauti, mwaka na zaidi. Tunatenganishwa na ukuta."

"Amewahi kukusaidia katika shida?"

"Siku ya mafuriko alinibebea mashuka. Kabla ya hapo hajawahi. Nilipougua kifua hakuja."

Nilitazama sakafu.

"Mnakula pamoja? Mnatembeleana?"

"Hapana."

Mwenyekiti akavua miwani. "Sasa mama, umekuja kutuambia nini?"

"Nimekuja kusema ninachokijua. Huyu anajisomesha mwenyewe kila jioni. Na kuna siku anajitahini. Anajiuliza, anajibu, kisha anafungua kitabu. Basi namsikia, 'Umekosea. Sifuri. Rudia.' Mlango kafunga, yuko peke yake, na mwaka mzima hakujua kama kuna mtu anasikia. Mimi ningejipa hata nusu. Na mimi nilitaka kuja hapa kuwadanganya, kanikataza. Tumegombana, hatusemezani mpaka sasa. Ndiyo hayo."

Mjumbe mmoja alikohoa. Waliinamiana, wakanong'ona muda mrefu. Kisha mwenyekiti akasema, kwa upole ambao ulinipa jibu kabla ya maneno, kwamba utaratibu unataka mtu anayemfahamu mwombaji kwa mwaka mmoja, na kusikia ukutani si kufahamiana. Hawawezi kunipindishia. Nirudi mwakani.

Nilisema asante. Ilitoka vizuri, sikujiaibisha.

Tulipofika mlangoni mwenyekiti akaniita. "Binti. Mwakani usihangaike kutafuta mwingine. Mlete huyu huyu."

Tulishuka ngazi. Chini Bi Pasi akasimama, akahema.

"Ningesema supu ungepata."

"Ningepata."

"Unajuta?"

"Sana," nilisema, na machozi yakanitoka pale pale barabarani, mbele ya watu wenye haraka zao. Alinifuta kwa kitambaa kilichopigwa pasi vizuri mno, kinakwaruza.

"Basi tuna mwaka mmoja," alisema. "Unaanza leo. Mimi sipendi chai baridi na sipendi kuamkiwa na mtu anayetembea. Hayo mawili kariri."

Jioni hii bati liko kimya kabisa. Hakuna hata tone. Sina mtihani tena, lakini mikono haikujua la kufanya, nikafungua kitabu ukurasa wa kwanza na kusimama mbele ya kabati. Maadili ni kanuni zinazoongoza mwenendo wa watu wanaoishi pamoja.

Du, du, du.

Hakuna mvua. Ananisikia vizuri. Nilifunga kitabu, nikatoka uani, nikasimama mlangoni kwake, nikasema hodi.